Ukitaka Kuhama Chuo, Jipime Kwanza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana wenzangu mwezi wa Shaaban, kwenye kikao cha kuwakaribisha waliomaliza KCSE na wale walio mwaka wa kwanza chuoni. Nimeombwa niyaandike kwa ajili ya jarida letu la Ramadhan. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu aliyetufikisha kwenye mwezi huu tukiwa wazima. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe unayesoma ukurasa huu, huenda uko hosteli mbali na kwenu, umemaliza kufuturu kwa chai na chapati moja, na moyoni unasema: mimi hapa si pangu, nataka kuhama. Nakujua kwa sababu mimi nilikuwa wewe. Sikuja kukwambia hama, wala sikuja kukwambia usihame. Nimekuja kukueleza yaliyonipata mimi dada yako wa Chawia, na jambo moja nililojifunza: watu wengi wanahama kabla ya kujua ni kitu gani hasa wanachokikimbia, na ukihama hivyo, kitu chenyewe unahama nacho.

Yaliyonipata

Niliingia chuo kikuu mwaka 2023. KUCCPS walinipeleka chuo kimoja magharibi ya Kenya, jina lake silitaji kwa sababu chuo chenyewe hakina kosa. Kozi ilikuwa ya biashara. Sikuiomba ya kwanza wala ya pili, ilikuwa ya nne katika orodha yangu, niliyoijaza tu ili nafasi isibaki wazi. Hilo ni kosa langu na nalisema hadharani ili wewe uliye Form Four usilirudie. Kila nafasi unayoijaza ijaze kama ndiyo utakayopewa, manake inaweza kuwa ndiyo.

Kutoka kwetu Chawia hadi kule ni safari ya siku nzima na nusu ya usiku. Unashuka mlima mpaka Mwatate, unakwenda Voi, unapanda basi la Nairobi, halafu unatafuta gari jingine. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya pili nililia. Wiki ya tatu nilikuwa nimechoka kulia, nikaanza kupanga kuhama.

Nilikuwa na marafiki wawili tuliosoma nao madrasa tangu tukiwa wadogo. Wote wawili walikuwa chuo kimoja mjini, wanakaa chumba kimoja, wananitumia picha. Mimi nikaamua: huko ndiko. Sikuuliza kozi, sikuuliza ada, sikuuliza chochote. Nilikwisha andika hata barua ya kumwambia baba.

Baba yangu ni fundi cherehani. Nilipompigia simu hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, akaniambia: "Mwanangu, mtu akiniletea nguo inambana, simwambii akanunue nyingine. Naigeuza kwanza ndani nje, nione kama mshono una akiba. Kama akiba ipo, naifungua, nguo inamkaa. Kama haipo, hapo ndipo tunazungumza habari ya kitambaa kipya. Na nikishika kitambaa kipya, sikati kwa macho. Napima."

Hayo ndiyo maneno yaliyoniokoa. Basi nami nakupa wewe kwa mpango huo huo: kwanza geuza nguo, halafu pima, ndipo ukate.

Geuza nguo kwanza

Chukua karatasi. Andika kila kitu kinachokukera mahali ulipo. Usijionee haya, karatasi ni yako. Mimi niliandika mambo tisa. Chakula. Baridi ya asubuhi, eti mimi mtu wa Chawia niliyekulia kwenye ukungu wa msitu nalalamikia baridi! Msikiti uko mbali. Sina rafiki. Mwenzangu wa chumbani anapiga muziki usiku. Nauli. Hesabu za biashara hazinivutii. Nikiwaza kazi yenyewe ya ofisini naona giza. Nataka kufundisha hesabu na kemia.

Halafu kando ya kila jambo nikajiuliza: hili litakwisha nikihama? Na je, linaweza kwisha bila kuhama?

Wallahi karatasi ile ilinitahayarisha. Mwenzangu wa chumbani ni suala la kubadilisha chumba. Chakula ni suala la kununua jiko dogo na sufuria. Msikiti ulikuwa mwendo wa dakika ishirini, na nilipouendea nikakuta dada wanne wa Kiislamu wa chuo chetu hicho hicho, wamekuwa wakifuturu pamoja Jumatatu na Alhamisi miezi yote hiyo, na mimi niko chumbani nalia kwamba sina mtu.

Kati ya mambo tisa, sita yalikuwa na dawa pale pale. Yakabaki matatu, na matatu yote yalikuwa jambo moja: kozi. Nilidhani nimechukia chuo, kumbe kilichonibana ni kozi.

Ndugu yangu, hapa ndipo wengi tunapotea. Kuna mtu anayehitaji kuhama chuo, kuna anayehitaji kuhama kozi tu, na kuna anayehitaji kuhama chumba. Mwenye shida ya chumba akihama chuo, atatumia pesa za mzazi kutibu ugonjwa usiokuwa wake.

Milango iko mitatu

Nikaenda kuuliza. Nilijifunza kwamba milango ni mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni kubadilisha kozi ndani ya chuo ulicho. Huu ndio ule mshono wenye akiba. Unaanzia kwenye idara unayotaka kuingia na ofisi ya msajili. Ikiwa nafasi ipo na alama zako zinatosha, hupotezi hosteli, huhami mji.

Mlango wa pili ni kuhama chuo kupitia KUCCPS. Wazazi wetu waliijua JAB. KUCCPS ndiyo iliyochukua nafasi yake kutokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Baada ya wanafunzi wapya kupangiwa vyuo hufunguliwa muda maalum wa maombi ya uhamisho, na unaomba mwenyewe kwenye akaunti yako katika intaneti. Muda huo ni mfupi, ukipita umepita. Na lazima uwe na masomo yanayotakiwa na alama za kundi zilizofikia kiwango cha kozi ile mwaka wako. Huwezi kuingia kwa mlango wa nyuma mahali ambapo wenzako walikuzidi kwa mlango wa mbele. Huo ndio uadilifu, hata kama unauma.

Mlango wa tatu ni wa yule aliyekwisha soma mwaka au zaidi, anataka kwenda na masomo aliyoyafaulu yahesabiwe huko aendako. Huo unawezekana, lakini ujue kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, yaani CUE, zina mpaka: masomo ya msingi yanayoweza kuhesabiwa hayafiki nusu, na ni lazima kozi zifanane. Kwa hivyo aliye mwaka wa tatu akahama, ajue atarudi nyuma. Namjua ndugu mmoja aliyehama mara mbili kwa sababu ya marafiki. Wenzake tuliokuwa naye darasa moja la sekondari wanajiandaa kumaliza, yeye bado yuko mwaka wa pili. Si kwamba hana akili. Alikata kitambaa mara mbili kwa macho.

Mimi niligonga mlango wa kwanza. Nilikwenda idara ya elimu nikasubiri kwenye benchi siku mbili. Jibu likawa: nafasi ya hesabu na kemia imejaa, iliyobaki ni ya masomo ya sanaa. Nikashukuru, nikatoka. Sasa nilikuwa na haki ya kuzungumzia kitambaa kipya, kwa sababu nimegeuza nguo na nimeona mshono hauna akiba.

Kuhama si aibu

Kabla ya kupima, acha nikutoe wasiwasi mmoja. Kuna watu watakwambia kuhama ni kutokuwa na subira. Watakwambia, mtu wa subira hukaa alipowekwa. Subira ni ibada, tena huu ni mwezi wake. Lakini historia ya elimu katika Uislamu ni historia ya watu wanaotembea.

Sisi hapa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Hebu angalia maisha yake. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria, akakulia Makka. Akaenda Madina kusoma kwa Imam Malik. Baadaye akawa Baghdad, akasoma kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa. Mwisho akahamia Misri, na huko ndiko alikofariki mwaka 204. Mtu huyu asingehama, leo tungeswali kwa madhehebu gani? Lakini tazama adabu yake: kuondoka kwa mwalimu hakukumfanya amdharau. Imam Malik alibaki kuwa mwalimu wake mpaka mwisho.

Na kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf. Nabii Musa (A.S) alifunga safari ndefu kumtafuta mja mwema awe mwalimu wake. Akaambiwa tangu mwanzo kwamba hataweza kuvumilia, na kweli ikafika mahali wakaachana. Lakini hawakuachana kwa matusi. Kabla ya kuagana, Musa alielezwa maana ya kila alichokiona. Mimi nasoma kisa kile najiambia: unaweza kuachana na mahali pa kusomea, lakini usiondoke kabla ya kujua mahali pale palikufundisha nini.

Nikupe na mfano wa karibu, wa mtu wa mji wetu wa Mombasa. Profesa Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, naye alitamani mwanawe aende Al-Azhar, Misri. Sheikh akafariki mwaka 1947, kijana bado mdogo. Mtihani wa sekondari kijana hakuufanya vizuri, akapata daraja la tatu, na Makerere hakupata nafasi. Akawa karani katika ile taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME. Akiwa hapo alisimama kwenye hafla ya Maulidi akatoa hotuba, gavana wa Kenya wa wakati huo akiwa amehudhuria, na hotuba ile ikawa mwanzo wa kufunguliwa njia ya kwenda Uingereza.

Sasa sikiliza safari yenyewe. Alianzia Huddersfield kumalizia masomo ya sekondari. Akaenda Manchester akapata shahada mwaka 1960. Akaenda Columbia, New York, akapata shahada ya pili mwaka 1961. Akaenda Oxford akapata udaktari mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyokuwa imemkosesha nafasi, akaingia kuwa profesa wake. Alipofariki mwaka 2014 akarudishwa kuzikwa Mombasa.

Kuna mawili hapo. La kwanza, mlango uliofungwa haukuwa mwisho wa elimu yake. La pili, hakuanzia Oxford. Alianza pale alipotakiwa kuanza, mahali padogo, kuziba pengo lake. Wangapi kati yetu tungekubali kwenda Huddersfield? Sisi tunataka jina kubwa la kuandika kwenye fulana.

Na ile MIOME aliyokuwa karani, ambayo ilianza masomo mwaka 1951, nayo imehama mara nyingi bila kuondoka mahali pake: ikawa taasisi ya ufundi mwaka 1966, ikawa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM. Hata vyuo vinabadilika, sembuse mimi na wewe.

Sasa pima

Nilipima kwa mambo matano. Nayaandika hapa ili uyakate uyabandike ukutani.

Moja, kozi. Usiulize kwanza chuo gani, uliza kozi gani, halafu uliza inatambuliwa na nani. Ukitaka uhandisi, tazama kama kozi ile ya chuo kile imekubaliwa na Bodi ya Wahandisi. Uuguzi, tazama Baraza la Wauguzi. Sheria, tazama Baraza la Elimu ya Sheria. Ualimu, soma masharti ya TSC kuhusu masomo mawili ya kufundishia na alama zake za KCSE. Cheti kizuri kisichotambuliwa na wanaokupa leseni ya kazi ni karatasi ya kufungia mandazi.

Mbili, alama zako. Sema kweli na nafsi yako. Chuo kile cha marafiki zangu mjini, nilipotazama kozi niliyoitaka na alama zangu, haviendani. Ningehamia huko ningeingia tena kozi nisiyoitaka, ila safari hii nikiwa na marafiki. Nikaichana ile barua.

Tatu, pesa. Kaa na mzazi au mlezi mhesabu pamoja, msifichane. Tangu mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, fedha za serikali, mkopo wa HELB na sehemu ya familia hupangwa kwa kuangalia hali ya nyumbani na pia gharama ya kozi. Ukibadilisha kozi, sehemu ya mzazi inaweza kupanda au kushuka. Uliza kabla, usishtukizwe. Halafu ongeza vile vidogo visivyoandikwa kwenye barua ya chuo: kodi ya chumba, godoro, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa mwaka, vitabu, koti la maabara. Mimi kuhama kulinipotezea pesa ya hosteli niliyokuwa nimelipa muhula mzima. Haikurudi. Mama aliuza ndama. Kila nikipata alama nzuri namkumbuka ndama yule.

Nne, dini na watu. Je, kuna mahali pa kuswali? Utapata daku Ramadhan? Kuna wenzako wa Kiislamu wanaokutana? Ni haki yako kuuliza, na kwetu sisi wasichana ni zaidi. Lakini usiifanye dini kisingizio. Chuo cha magharibi nilichokilaumu kwamba hakina Waislamu, Waislamu walikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa sijaenda msikitini.

Tano, wewe mwenyewe ulivyo. Hili halisemwi sana. Kuna mtu anasoma vizuri akiwa karibu na nyumbani, na kuna mtu akiwa karibu na nyumbani hasomi kabisa.

Mama yangu alitaka niende Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Kiko kwetu, barabara ya Voi kwenda Mwatate. Kilianza kama chuo kishiriki cha JKUAT na kikapata hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2016. Ningeokoa nauli, ningeokoa kodi, na ningekuwa ninamwona mama kila Ijumaa. Jirani yetu mmoja yuko pale anasomea uhandisi wa madini, na kimemkaa kama kanzu ya Idi. Madini yako Taita hii hii, anayoyasoma darasani anayaona akitoka nje ya geti.

Lakini mimi najijua. Ni mtoto wa kwanza. Nikiwa karibu, mimi ndiye mpishi, mimi ndiye mchota maji, mimi ndiye wa kuwapeleka wadogo zangu hospitali. Hakuna atakayenilazimisha, nitajilazimisha mwenyewe. Kumwambia mama hivyo ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Nilimwambia jikoni, tukiwa tunachambua mchicha. Alinyamaza mpaka mchicha ukaisha. Kisha akasema, "Ukienda, nenda ukasome kweli. Usiniache bure." Maneno hayo mpaka leo yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Kikabaki Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, ambacho kilianza mwaka 2007 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kozi ya ualimu wa sayansi ipo, alama zangu zilifika, na kutoka kwetu ni safari ya nusu siku: mbali kiasi cha kusoma, karibu kiasi cha kuwahi maziko au arusi.

Kanyaga kabla ya kuhamia

Sikuomba kabla ya kwenda kuona. Nilikwenda siku ya kazi, si wikendi, kwa sababu wikendi kila chuo ni kizuri. Sikuwauliza wa mwaka wa kwanza, wale bado wanapiga picha. Niliwatafuta wa mwaka wa tatu na wa nne, nikawauliza maswali manne: Masomo huanza na kumalizika kwa wakati? Maabara mnaingia kweli, au mnaisoma kwenye karatasi? Mwalimu mkimtafuta mnampata? Na ungeambiwa uchague tena, ungechagua hapa? Swali la mwisho usisikilize jibu tu, tazama uso.

Kisha nikaswali Istikhara. Hapa nataka tusahihishane. Wengi tunaswali Istikhara tukalala tukingoja ndoto. Mimi sikuota chochote. Maalim wangu wa madrasa aliniambia: Istikhara haichukui nafasi ya kuuliza. Uliza wenye ujuzi, fanya hesabu yako, azimia, halafu rakaa mbili umwombe Mola akufanyie wepesi kama kuna kheri na akuepushe kama hakuna. Kisha nenda. Njia ikifunguka shukuru, ikifungika shukuru vilevile.

Nikaomba. Ikafunguka, alhamdulillahi.

Nilichohama nacho

Nisikudanganye kwamba nilifika Kilifi mambo yakanyooka. Nilikuwa nimekosa wiki kadhaa za masomo na jaribio moja. Hosteli zilijaa, nikapanga chumba nje. Na joto! Mtu wa mlimani nimezoea blanketi mbili, nikawa nalala na shuka iliyoloweshwa maji. Na usiku wa kwanza nikalia tena. Ule upweke niliodhani nimeuacha magharibi nilikuwa nao ndani ya begi.

Lakini safari hii nilijua dawa yake. Asubuhi yake nilikwenda msikitini kabla ya kwenda dukani.

Leo niko mwaka wa tatu. Muhula uliopita tulifanya zoezi la kufundisha mbele ya wenzetu. Nilipewa dakika chache nieleze jinsi ya kusawazisha mlinganyo wa kemia. Mikono ilitetemeka, chaki ikakatika. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja nyuma akasema, "Sasa ndiyo nimeelewa." Alikuwa na umri kama wangu, amesoma sekondari kama mimi, na alikuwa hajaielewa tangu Form Two. Nikajua kitambaa kimenikaa.

Na dada mmoja kati ya wale wanne wa magharibi alikuwa anataka kuhama pamoja na mimi. Alichora karatasi yake, akakuta shida yake yote ni chumba. Akahama chumba. Bado yuko pale, anafanya vizuri, na mwaka huu ndiye kiongozi wa dada wa Kiislamu chuoni kwao. Sisi wawili tumepima kwa kipimo kimoja, majibu yakatoka mbali mbali, na yote mawili ni sahihi.

Nasaha ya mwisho

Ewe uliye nyumbani unangoja kupangiwa chuo: chuo kikuu si lazima kwa kila mtu. Pale Voi tuna Coast Institute of Technology, na nchi nzima kuna vyuo vya ufundi ambavyo KUCCPS pia inavipangia wanafunzi. Fundi mzuri wa umeme hana haja ya kumwonea haya mtu wa shahada isiyo na kazi.

Ewe mzazi unayesomewa ukurasa huu na mwanao: akikwambia anataka kuhama, usianze kwa kumgombeza wala usianze kwa kumtumia pesa. Mwambie ageuze nguo ndani nje, kisha akusomee alichokiona.

Na wewe ulioko hosteli usiku huu, chukua karatasi baada ya tarawehe. Mwezi huu ndio mwezi wa kujihesabu, basi jihesabu na hili pia. Ukikuta mshono una akiba, ufungue ukae. Ukikuta hauna, pima, uliza, swali, kisha hama kwa adabu: rudisha vitabu vya maktaba, lipa deni la kiosko, waage waalimu, muombe msamaha mwenzako wa chumbani hata kama ndiye aliyekuwa akikupigia muziki. Huwezi kujua ni nani utakutana naye mbele.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, atupe elimu yenye manufaa, awalipe wazazi wetu kwa kila walichouza kwa ajili yetu, na atuweke mahali palipo na kheri ya dini yetu na dunia yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.